Marshalsea: Jela Iliyofuga Madeni

Kuanzia karne ya 14 hadi 1842, Southwark, upande wa kusini wa mto Thames jijini London, palikuwa na jela iliyoitwa Marshalsea. Ilipata kuwafunga watu walioshtakiwa kwa uharamia na uchochezi, lakini kufikia karne ya 18 wengi waliokuwamo walikuwa na kosa moja tu: kudaiwa.

Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimruhusu mdai kumfungisha mdaiwa wake, naye akakaa ndani mpaka alipe au mdai aridhie. Dawa ya deni ni kulipa, lakini aliyefungiwa angelipa kwa kazi gani? Deni lenyewe lilizidi kukua, kwani jela iliendeshwa kibiashara. Mfungwa alilipia chumba na chakula, akatozwa ada juu ya ada. Hata aliyesamehewa na mdai wake aliweza kuzuiliwa kwa ada za jela.

Mwishoni mwa miaka ya 1720 msimamizi wake, John Darby, aliikodisha jela kwa muuza nyama aliyeitwa William Acton. Acton alilipa paundi 140 kwa mwaka ili awe mlinzi mkuu, na 260 zaidi ili akusanye kodi za vyumba na kuuza vyakula na vinywaji. Fedha hizo, pamoja na faida yake, zilitoka mifukoni mwa wafungwa.

Wenye uwezo walikaa upande wao, wenye vyumba vya kupanga na baa. Makabwela, zaidi ya 300, walisongamana katika vyumba vidogo tisa, wakifungiwa tangu jioni hadi alfajiri. Mwaka 1729 kamati ya Bunge ilifika kuchunguza. Iliongozwa na James Oglethorpe, ambaye rafiki yake, Robert Castell, alifia mikononi mwa walinzi wa jela nyingine ya wadaiwa, Fleet. Kamati iliripoti kwamba wafungwa 300 walikufa kwa njaa katika muda usiotimia miezi mitatu, na kwamba wakati wa joto walikufa wanane hadi kumi kila siku. Ilieleza pia mateso ya kubanwa vidole na kuvalishwa kofia ya chuma. Acton alishtakiwa kwa mauaji mwaka huohuo, na mahakama ikamwachia huru.

Mwaka 1811 jela ilihamishiwa jengo jingine jirani. Humo ndimo alimofungwa John Dickens, karani wa malipo ya jeshi la majini, mwaka 1824, kwa deni la paundi 40 na ushei alilodaiwa na mwoka mikate. Mwanawe Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu. Alipokuwa mwandishi mashuhuri aliandika Little Dorrit, riwaya ya binti aliyezaliwa Marshalsea.

Jela ilifungwa mwaka 1842, na sheria ya 1869 ikakomesha kifungo kwa madeni mengi. Ukuta wake mmoja ungali umesimama karibu na kanisa la Mtakatifu George.

Acton alikuwa mkatili, lakini mfumo ndio uliomfaidisha. Mlinzi anayeishi kwa fedha za mfungwa hana sababu ya kumfungulia mlango. Popote jela inapogeuzwa mradi wa kuchuma, maskini ndiye anayegharimia kufungwa kwake mwenyewe, na hiyo si haki.