Kuhama vyama vya siasa nchini Tanzania

Kuhama vyama vya siasa nchini Tanzania ni desturi ya wanasiasa kutoka chama kimoja na kujiunga na kingine, hasa kati ya Chama cha Mapinduzi (CCM) na vyama vya upinzani. Ilionekana mara baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992 na ikashamiri kati ya 2015 na 2020. Ndiyo inayochochea swali linalosikika karibu kila uchaguzi: je, vyama hivi vinatofautiana kweli, au ni watu walewale waliobadilisha sare?

Asili

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na pendekezo hilo likakubaliwa. Vyama vipya vilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa serikalini. Edwin Mtei, mwanzilishi wa CHADEMA, alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye waziri wa fedha. Seif Sharif Hamad wa CUF alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar hadi 1988. Augustino Mrema alitoka CCM mwaka 1995, akagombea urais mwaka huohuo kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi na kupata karibu asilimia 28 ya kura. Baadaye alihamia TLP.

Si kwamba wakati wa chama kimoja wapiga kura hawakuwa na meno. Katika uchaguzi wa 1965 TANU iliweka wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine nyumba. Huko Rufiji, Bibi Titi Mohamed, mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati za uhuru, alipoteza kiti chake. Waziri wa fedha Paul Bomani naye aliangushwa. Watu waliweza kumwondoa mbunge, ila si chama.

Sheria

Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti. Kwa hiyo mbunge wa jimbo anayehama kwa kawaida husababisha uchaguzi mdogo, unaogharimiwa na umma. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba katazo hilo linavunja haki.

Lowassa na uchaguzi wa 2015

Tukio lililowachanganya wengi zaidi ni la Edward Lowassa. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kutokana na sakata la Richmond. Tayari mwaka 2007 Wilbrod Slaa wa CHADEMA alikuwa amemtaja katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi iliyosomwa viwanja vya Mwembeyanga, Dar es Salaam. Julai 2015 CCM ilikata jina lake katika mchujo wa wagombea urais. Kabla mwezi haujaisha alikuwa CHADEMA, na muda mfupi baadaye mgombea wa muungano wa Ukawa.

Slaa aliacha siasa za vyama, na Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, nyingi kuliko mgombea yeyote wa upinzani kabla yake. Machi 2019 alirudi CCM. Slaa, wakati huo, alikuwa balozi nchini Sweden kwa uteuzi wa Rais John Magufuli.

"Kuunga mkono juhudi"

Kuanzia mwishoni mwa 2017 wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walijiuzulu na kuingia CCM, wengi wakisema wanaunga mkono juhudi za rais. Msemo huo ukageuka kuwa mzaha mitaani. Maulid Mtulia wa Kinondoni (CUF) na Godwin Mollel wa Siha (CHADEMA) waliteuliwa na CCM kugombea majimbo yaleyale waliyoyaacha, na Februari 2018 wakashinda. Upinzani ulidai kuna ununuzi wa watu, CCM ilikanusha. Wapo waliokwenda upande wa pili pia: Lazaro Nyalandu, waziri wa zamani, alihamia CHADEMA mwaka 2017, akarudi CCM 2021.

Tofauti za sera

Kusema vyama vyote ni sawa ni kurahisisha mambo. Kuhusu muundo wa Muungano na katiba mpya, tofauti ni kubwa: CCM ilitetea serikali mbili, na mwaka 2014 Ukawa walitoka katika Bunge Maalumu la Katiba wakitetea serikali tatu zilizopendekezwa na Tume ya Warioba. Katika uchumi mipaka haisomeki kirahisi. CCM bado inaandika ujamaa na kujitegemea katika katiba yake, ingawa ililegeza masharti ya Azimio la Arusha kule Zanzibar mwaka 1991. Aliyetaka kulihuisha ni mpinzani, ACT-Wazalendo, kwa Azimio la Tabora la 2015.

Kwa mkulima wa bonde la Rufiji, katika kata kama Ngorongo, tofauti hizo ziko mbali. Mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoharibu mashamba Rufiji na Kibiti, barabara na ugomvi wa wakulima na wafugaji hutajwa na wagombea wa kila chama kwa maneno yanayofanana.

Mwitikio wa wapiga kura

Mwaka 2010 walipiga kura asilimia 43 tu ya walioandikishwa. Mwaka 2015, pamoja na mkanganyiko wote wa Lowassa, idadi ilipanda hadi asilimia 67, kisha 2020 ikashuka hadi karibu 51. Inaelekea kilichowatoa watu nyumbani ni ushindani wenyewe zaidi ya usafi wa wagombea. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya viti.