Safu ya Lugha: Kudos haina "kudo"

Siku hizi anayepongezwa hadharani hupewa "kudos", na wapo wanaoikata ile s wakidhani ni alama ya wingi wa Kiingereza. La hasha! Neno ni la Kigiriki, *kydos*, yaani utukufu, ule wanaoupigania mashujaa wa Homer vitani. Wanavyuo wa Uingereza waliosoma Kigiriki ndio waliolifanya simo katika karne ya 19, na s yake ni ya kuzaliwa nayo.

Lakini kwetu la nini? Aliyefaulu mtihani, aliyeoa, aliyejifungua, wote hao ni hongera. Heko humwendea mtu kwa tendo lake: mvuvi aliyeokoa wanaozama, kipa aliyedaka penalti. Kenya wana kongole, neno tamu kabisa. Wahariri, tuandikieni heko.