Skrini Moja, Kazi Mbili

Mwaka jana, hapa Kabezi, mimi na mdogo wangu tulichanga pesa za skrini moja tu: yeye achezee PlayStation 3, mimi niandikie tasnifu. Nilidhani hii ni shida ya wasio na pesa, kumbe ina historia. Commodore 64 na ZX Spectrum, kompyuta za mwaka 1982, zilichomekwa kwenye televisheni ya nyumbani, kazi na mchezo pamoja. Mchezo ulipendeza. Maandishi yalififia, na mstari mmoja wa Commodore ulibeba herufi 40 tu.

Mwaka 1987 IBM ikaleta VGA, skrini za kompyuta zikaenda njia yao. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilikuja na waya wa manjano, mweupe na mwekundu, ambao skrini ya VGA haina pa kuuchomeka. HDMI ndiyo iliyozipatanisha, na PlayStation 3 ilikuwa nayo tangu 2006.

Kompyuta yangu kuukuu ina VGA pekee. Basi kule Bujumbura tuliiacha skrini pana yenye tundu moja, tukachukua ndogo yenye yote mawili. Haina spika. Mdogo wangu hucheza mpira bila kelele za mashabiki, akinung'unika.