Sataranji ya Tabaka

Seti ya sataranji ya jiwe la Kisii ina vipande 32 na ubao wa miraba 64. Mara nyingi wafalme wake huwa wazee wenye fimbo, ngome huwa nyumba za msonge, na farasi huenda akawa twiga au kifaru. Mteja huiona ikiwa imepangwa juu ya kitambaa katika Soko la Maasai jijini Nairobi au dukani Mombasa, hupatana bei kidogo, kisha huenda nayo Ulaya au Marekani. Aliyeichonga ni nani? Si rahisi kujua, kwa maana chini ya ubao hapajaandikwa kitu.

Jiwe lenyewe hutoka Tabaka, Mugirango Kusini, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Wagusii, wenyeji wa huko, walilijua kabla ya duka la kwanza la Mhindi kufunguliwa mjini Kisii. Walilichonga viko vya tumbaku na bakuli, na unga wake mweupe wakajipaka wakati wa sherehe. Biashara ya kuwauzia wageni ilikua katika karne ya 20, enzi ya ukoloni, na baada ya uhuru wa 1963 watalii wakaipanua kupita kiasi ambacho mafundi wa awali wangeweza kukiwazia. Nyamira, kaunti jirani ya Wagusii, inasifika zaidi kwa chai na ndizi, lakini hata huko jiwe hili huhesabiwa kuwa fahari ya Wagusii wote. Na mgomba, unaoota pande zote mbili, umeisaidia sana biashara hiyo: majani yake makavu ndiyo yaliyofungiwa bidhaa zisivunjike njiani.

Kazi ya sataranji inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo ustadi wa Tabaka unapoonekana. Wanaume hushuka machimboni na sululu na mtaimbo, wakavunja mapande meupe, ya kijivu, ya waridi. Jiwe likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika kwa panga na msumeno bila kusumbua. Mchongaji hukata vipande vya urefu mmoja, akaanza kuvitia umbo kwa patasi na kisu kidogo. Mfalme hana shida, kwa kuwa ni mmoja kila upande. Shida iko kwa askari 16, ambao sharti walingane kichwa kwa kichwa, na kipimo mara nyingi ni jicho tu. Mkono ukiteleza mara moja, askari huyo hutupwa na mwingine huanzwa upya. Baada ya hapo kazi huwaendea wanawake, ambao huketi na beseni la maji wakisugua kila kipande kwa msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa. Vipande huanikwa juani, vingine hutiwa rangi, kisha vyote hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Vumbi la ukataji huingia vifuani, na kuta za machimbo zinaweza kuporomoka. Hayo hayamo katika bei ya mezani.

Sokoni, hata hivyo, bidhaa hii ilifaulu. Vikundi vya ushirika vilijitokeza Tabaka, kikiwemo SMOLart, na kupitia maduka ya biashara ya haki ya ng'ambo vikawapelekea wanunuzi sataranji, vinyago na sahani. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalifukuza watalii na kuwaumiza wachongaji. Janga la korona la 2020 likawapiga tena.

Mbele ya wahakiki mambo yalikuwa mengine. Kazi za namna hii zilibandikwa jina la dharau, "sanaa ya uwanja wa ndege", kana kwamba kitu kinachouzwa kwa mgeni hakiwezi kuwa sanaa. Mwaka 1992 mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir alipinga fikra hiyo katika jarida la African Arts, akihoji ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua kazi ipi ya Mwafrika ni halisi. Kisii kwenyewe jibu lilikuwapo tayari. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesoma Makerere, alitoka katika machimbo yaleyale, na ndege wake wa amani, Enyamuchera, akapata mahali katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipokuwa mgeni wa tamasha la Smithsonian jijini Washington, alichonga ndovu wa jiwe mbele ya umati. Jiwe ni lilelile; kilichoongezeka ni jina la mtu.

Katika historia ya michezo duniani kuna kazi nyingine iliyofaulu sokoni bila aliyeibuni kufaidi ipasavyo. Alexey Pajitnov alibuni mchezo wa kompyuta wa Tetris jijini Moscow mwaka 1984, akiwa mfanyakazi wa serikali ya Kisovieti. Wahakiki waliusifu mchezo huo wa kupanga vipande, na ulipotolewa pamoja na Game Boy ya Nintendo mwaka 1989 uliuzwa kwa mamilioni. Mapato ya haki yalikwenda kwa serikali hiyo. Mbunifu mwenyewe alianza kufaidi haki zake mwaka 1996, miaka 12 baadaye. Lakini angalau jina lake lilijulikana.

Wachongaji wengi wa Tabaka hawajafikia hata hapo pa kujulikana kwa jina, na hili ni kosa linaloweza kurekebishwa. Sheria ya Kenya ya alama za biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja, na wasusi wa vikapu vya Taita wamekwisha kuitumia njia hiyo. Serikali ya Kaunti ya Kisii iwasaidie wachongaji wake kuifuata. Wao nao wachonge majina yao chini ya kila ubao, na la mwanamke aliyesugua kwa msasa liwekwe pamoja na la mwanamume aliyekata. Nawe mnunuzi, kabla ya kupatana bei, muulize muuzaji ni nani aliyeichonga.