Neno Lililobaki Wamisionere Walipoondoka

Somo: Matendo 17:10-12



Hapa Kolwezi tunasikia Neno la Mungu kila siku. Asubuhi mama anawasha mbabula huku redio ikihubiri, na baba anaenda kazini akiwa na wimbo katika simu. Tunamshukuru Mungu. Lakini kusikia ni jambo moja, na kufungua Biblia wewe mwenyewe ni jambo lingine. Historia ya inchi yetu inatuonyesha tofauti hiyo.

Tuanze Bunkeya, humu humu katika jimbo letu la Lualaba. Hapo palikuwa makao ya mfalme Msiri. Misafara ya kutoka mashariki ilikuwa imekwisha kuleta Kiswahili, pamoja na biashara ya pembe za tembo na watumwa. Mwaka 1886 Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya na Injili, na mwaka 1890 akaja Dan Crawford. Msiri alipouawa mwaka 1891, watu walitawanyika. Crawford alihamia upande wa ziwa Mweru, akajenga misheni ya Luanza. Alihubiri sana, lakini hakuishia kwenye kuhubiri. Alikaa chini na kutafsiri Agano Jipya katika Kisanga, lugha ya wenyeji wa inchi hii yetu. Alikufa mwaka 1926, na sauti yake ikanyamaza. Kile kitabu hakikunyamaza.

Sisi Wapentekoste tunakumbuka zaidi mwaka 1915. Mwaka huo Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika inchi ya Baluba, upande wa chini wa mto huu huu wa Lualaba unaopita kwetu Nzilo. Huko ndiko ilikoanza Congo Evangelistic Mission. Kati ya waamini wa kwanza waliofanya kazi nao alikuwamo Shalumbo, mtu ambaye zamani aliwinda watumwa. Mungu alimbadilisha akawa mhubiri, na Burton aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake.

Siku zile katika misheni za Waprotestanti, ibada na darasa vilikwenda pamoja. Aliyempokea Yesu alifundishwa pia kusoma. Kule Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa kwa jina hilo hilo: wasomaji. Jirani hakuhitaji kuuliza mtu huyu ni wa dini gani; alimwona na kitabu mkononi.

Kisha kukaja saa ya majaribu. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na siku chache baadaye Katanga ikajitenga. Vita vikaingia katika inchi ya Baluba. Mwezi wa Novemba mwaka ule, wamisionere wawili wa misheni hiyo, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa. Wengine waliondolewa. Burton naye aliondoka, na mwaka 1971 akafa huko Afrika Kusini.

Jiulize: kama waamini wa wakati ule wangekuwa wanaishi kwa mdomo wa mzungu tu, nini kingebaki? Lakini kanisa halikufa. Wachungaji Waafrika, wakiongozwa na Jonathan Ilunga, walilichukua na kulipeleka mbele. Mimi naamini siri mojawapo ni hii: mhubiri aliondoka, lakini Neno lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya watu.

Sasa niungame kitu. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya Biblia, nilisoma Maandiko kwa ajili ya mitihani, na baadaye kwa ajili ya kutafuta mahubiri. Nilikuwa napika chakula cha wengine huku mimi mwenyewe nina njaa. Siku msiba ulipoingia nyumbani kwangu, nilitafuta neno la kunishika, nikakuta ndani yangu mna maneno ya kuwaambia wengine tu. Tangu hapo nilianza upya, kama mtoto, sura moja kila asubuhi.

Ndiyo maana ninawaonea huruma wale wanaokimbia kutoka kwa nabii mmoja hadi kwa mwingine, wakinunua neno kwa pesa walizotoa jasho katika machimbo. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, mtume wa Mungu, na bado kila siku walirudi kwenye Maandiko kuhakikisha kama anayosema ni kweli. Paulo hakukasirika. Mchungaji wa kweli hakasiriki ukimkagua kwa Biblia.

Basi tufanye nini? Chagua saa moja isiyobadilika. Wewe unayefanya kazi ya usiku, saa yako inaweza kuwa ile unapotoka kazini, kabla ya kulala. Usirukeruke, shika kitabu kimoja mpaka mwisho. Anza na Marko: kina sura 16, kwa hiyo ukisoma sura moja kila siku utakimaliza katika siku 16. Uwe na kaye na bic, uandike mambo matatu: sura inasema nini juu ya Mungu, inanikemea wapi, na leo nitatii nini. Ukikosa siku moja, usikate tamaa. Kesho endelea pale ulipoachia. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto wako akusomee, kisha mzungumze pamoja.

Redio hii inaweza kunyamaza umeme ukikatika. Mimi mchungaji wako naweza kuhamishwa, au kuitwa na Bwana. Siku hiyo, ndani yako kutabaki nini?

Bwana awabariki.