Siri ya Marshall, miaka 9 sandukuni?

Wapenzi wa sataranji wana hadithi moja ambayo kila anayeisimulia huitia chumvi kidogo. Mwaka 1909, Frank Marshall wa Marekani alipambana na kijana wa Kuba, José Raúl Capablanca, akapigwa mara 8, akashinda 1, sare 14. Aibu! Basi inasemwa alijifungia, akatengeneza shambulio jipya, akalificha miaka 9 mpaka walipokutana New York, Oktoba 1918.

Siku hiyo walianza na ufunguzi wa Kihispania, ule wenye jina la padri Ruy López. Kwenye hatua ya 8, Marshall, mwenye kete nyeusi, badala ya kulinda askari wake wa kati, alisukuma askari wa malkia nyumba mbili. Yaani kamtoa mwenzake sadaka. Mweupe akila, anabaki na askari mmoja zaidi, lakini kete zake za upande wa malkia bado zimelala huku mfalme akiandamwa.

Mimi habari ya miaka 9 siiamini. Katikati hapo wawili hao walikutana tena na tena, na nafasi za kuutumia mtego huo zilikuwepo. Tena mwaka 1917 Marshall alikwisha kuucheza dhidi ya Walter Frere, hukohuko New York. Sasa siri gani hiyo?

Kinachonivutia ni Capablanca. Katika kitabu chake cha 1920, My Chess Career, alieleza kwamba alijua kabisa anaingia kwenye njia ambazo mwenzake amezisoma nyumbani. Akala vilevile, kwa sababu aliona anachokozwa. Marshall akamrusha farasi mlangoni kwa mfalme. Capablanca hakumgusa, akasogeza ngome tu. Halafu mfalme mweupe akatoka kwa miguu yake, nyumba baada ya nyumba, hadi upande wa malkia, huku malkia mweusi na askofu wakihangaika nyuma yake. Hatua ya 36, mchezo ukaisha. Capablanca kashinda.

Ajabu ni kwamba shambulio lililoshindwa ndilo lililodumu. Marshall alirekebisha hatua ya 11: badala ya kurudisha farasi, akasogeza askari wa safu ya c nyumba moja. Mpaka leo wakubwa wengi, hata Kasparov enzi zake, wakiwa na kete nyeupe huona afadhali kukata kona mapema.