Akiba ya Video na Hiari ya Mtazamaji

Katikati ya miaka ya 1990, mtu aliyetamani kutazama video katika intaneti aghalabu hakuwa na budi kuipakua yote kwanza, tangu mwanzo hata mwisho, ndipo aifungue. Na kwa kuwa modemu ya waya wa simu iliyohesabiwa kuwa ya kasi ilibeba kilobiti 28.8 tu kwa sekunde, megabaiti moja ilichukua takriban dakika tano kufika.

Faraja ilitoka Seattle, Marekani, ambako kampuni ya Progressive Networks, iliyoasisiwa na Rob Glaser, ilitoa mwaka 1995 programu ya RealAudio, iliyowezesha sauti kusikilizwa ilhali sehemu yake iliyobaki ingali njiani, na mwaka 1997 ikaleta RealVideo kwa ajili ya picha. Hikima yake ilikuwa katika akiba: maadamu data husafiri kwa vifurushi visivyowasili kwa mwendo mmoja, programu hukusanya kwanza sekunde kadhaa za mbele katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha ndipo huanza kuonyesha, ili njia ikizorota kitumike kilichokwisha kuwekwa, na akiba hiyo ikimalizika kabla nyingine haijafika, picha huganda.

YouTube ilipopokea video yake ya kwanza, tarehe 23 Aprili 2005, yenye urefu wa sekunde 19, ilitumia programu ya Flash kuonyesha faili la kawaida lililoshuka mfululizo hadi likaisha. Hapa ndipo mtazamaji alipopata neema ambayo nadhani haikuthaminiwa ipasavyo: aliweza kuisimamisha video, akaenda zake kwa shughuli nyingine, na mstari ulio chini ya picha ukaendelea kujaa wenyewe, mithili ya ndoo iliyoachwa chini ya bomba litoalo polepole usiku kucha. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, hiyo ya pili ikitoka Fujairah hadi Mombasa, intaneti ilitegemea satelaiti yenye gharama kubwa na njia nyembamba, hiari hiyo haikuwa anasa hata kidogo; ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi kulitazama somo lake pasipo kukatizwa.

Lakini mwenye kupeleka video hulipia kila kinachopelekwa, na watazamaji wengi huondoka kabla ya mwisho. Fauka ya hayo, kanuni za HTTP/1.1 zilizochapishwa Januari 1997 zilikuwa zimekwisha kukiruhusu kivinjari kuomba sehemu tu ya faili. Ndipo zikazuka taratibu mpya, ya Apple mwaka 2009 na ya MPEG-DASH mwaka 2012, ambazo huikata video vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa na ubora wa daraja mbalimbali, nayo programu hupima nguvu ya njia na kuchagua daraja inayoifaa. YouTube ilipoanza kufuata taratibu za namna hii, hata kabla ya kuuacha mtindo wa Flash mnamo Januari 2015 na kuifanya HTML5 kuwa desturi yake, mstari ule haukujaa tena. Ulikwenda mbele kidogo, ukasimama, ukangoja utazame.

Siwezi kukana kwamba kuganda kwa picha kumepungua, wala kwamba mwenye kifurushi kidogo cha data huokoka na upotevu. Walakini aliye na njia dhaifu na muda wa kungoja amenyang'anywa haki yake. Wako waliojitetea kwa kuizima, katika mipangilio iliyofichika ya Firefox, swichi iitwayo media.mediasource.enabled, ili faili lishuke lote kama zamani, wakaridhia ubora wa chini. Sifa ya preload katika HTML, iamuayo kama video ipakuliwe mapema au la, huandikwa na mwenye ukurasa, na kivinjari kina ruhusa ya kutoifuata. Mtazamaji hana kauli humo. Nasema kwa dhati kwamba watengenezaji wa vivinjari wanapaswa kumwekea kitufe kilicho wazi, aamue mwenyewe ni dakika ngapi za mbele zihifadhiwe katika mashine aliyoinunua, kwa data aliyoilipia.